SOMO LA KOMPYUTA: KUGAWA ORODHA KATIKA KURASA



Somo hili limetokana na kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulibandika ukutani matokeo ya wanafunzi 47, majina 10 kila ukurasa. Programu tuliyoiandika kwa lugha ya Java ilitoa kurasa 4. Watoto saba walitafuta majina yao wasiyaone, wakarudi nyumbani wakilia kwamba wamefeli. Kumbe wote saba walikuwa wamefaulu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Tuligawanya 47 kwa 10. Java ikigawanya namba nzima kwa namba nzima hutoa namba nzima tu, na baki huliacha. 47 kwa 10 ni 4, baki 7. Baki hilo ndilo wale watoto wetu.

Basi tukaandika klasi ndogo, yaani fungu la maagizo lenye jina lake, ambalo programu yoyote huweza kuliita. Klasi hiyo hupewa orodha na kiasi cha majina kwa ukurasa, kisha hufanya mambo matatu:

1. Kuhesabu kurasa. Kanuni ni: (idadi + kiasi − 1) ÷ kiasi. Kwa majina 47: 47 + 10 − 1 = 56; 56 kwa 10 Java hutoa 5. Kwa majina 40: 49 kwa 10 hutoa 4, wala hapatokei ukurasa mtupu.

2. Kutafuta mwanzo na mwisho. Mwanzo ni: (ukurasa − 1) × kiasi. Ukurasa wa 5 huanzia 40. Zingatieni kwamba Java huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo nafasi ya 40 ni jina la 41. Mwisho ni mwanzo + kiasi, yaani 50. Lakini majina ni 47 tu! Hivyo tunachukua namba iliyo ndogo kati ya 50 na 47. Tusipofanya hivyo programu itasimama kwa hitilafu.

3. Kukataa yasiyowezekana. Kiasi kisiwe 0 wala chini yake, na ukurasa usiwe chini ya 1 wala usizidi idadi ya kurasa.

Faida ya klasi ni kwamba huandikwa mara moja, ikatumika kwa matokeo, ada na vitabu vya maktaba. Ukirekebisha kosa hapo, umelirekebisha kote.

Wanafunzi wetu, kila jina katika orodha ni amana. Kabla ya kubandika, hesabuni majina yaliyochapwa, myalinganishe na daftari. Sisi tungefanya hivyo, hakuna mtoto ambaye angelia.

ZOEZI: Sura 114 za Qur'ani zikiorodheshwa 20 kila ukurasa, kurasa ni ngapi? Ukurasa wa mwisho unaanza na sura gani, na una sura ngapi?

JIBU: Kurasa 6. Wa mwisho unaanza na sura ya 101, Al-Qaari'ah, na una sura 14.

Wabillahi tawfiq.