Dondoo muhimu: Waraka wa sera ya VVU unasomeka?

Anza na vitenzi. “Huduma zitaimarishwa” haisemi nani ataziimarisha, wapi, wala kwa fedha zipi. Ukikuta sentensi tatu za namna hiyo katika ukurasa mmoja, ujue mwandishi anajificha.

Kisha tazama asilimia: ni asilimia ya nani? Shabaha ya 95-95-95 huwachanganya wengi. Ile 95 ya kwanza ni ya wote wanaoishi na VVU, kwamba wajue hali zao. Ya pili ni ya hao wanaojua, watumie dawa. Ya tatu ni ya wanaotumia dawa, virusi vifubae. Zote zikitimia, waliofubaza virusi ni kama asilimia 86 tu ya wote. Waraka mzuri hulisema hilo waziwazi.

“Dawa kinga” nayo ina mtego: ipo inayotumiwa kabla ya hatari ya kuambukizwa, na ipo inayoanzwa baada yake, ndani ya saa 72. Zitenganishwe.

Na neno “wadau”, lisilosema ni nani hasa? Lipige kalamu nyekundu.

Mwisho, mpe mhudumu wa afya ngazi ya jamii ukurasa mmoja, umwulize Jumatatu atafanya nini. Akikuna kichwa, urudishe waraka kwa mwandishi.