Namna ya Kupoza Nyumba Bila Kiyoyozi Msimu wa Joto

Kipindi cha Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu kuanza, ndicho chenye joto kali zaidi jijini Nairobi. Mwezi wa Februari joto la mchana hufika takriban nyuzi 28, na siku nyingine hupita 30. Kwa mkazi wa Mombasa hiyo si habari. Lakini nyuzi hizo hupimwa kivulini, mahali penye hewa. Ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari kule Kawangware au Kangemi, saa nane mchana, hali ni nyingine kabisa, na mara nyingi anayebaki ndani saa hiyo ni mtoto mchanga au nyanya asiyeweza kutoka.

Nairobi ina bahati ambayo miji ya pwani haina. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hata Februari alfajiri huwa na ubaridi wa nyuzi 14 hivi. Baridi hiyo hailipiwi tokeni. Kazi ya mkazi ni kuiingiza ndani usiku na kuzuia jua mchana. Wengi hufanya kinyume: madirisha wazi adhuhuri, kisha kila kitu kufungwa giza likiingia kwa kuogopa mbu na wezi. Wavu wa mbu ukigongomelewa kwenye fremu na vyuma vya dirisha vikiwa imara, dirisha la juu linaweza kukaa wazi usiku kucha. Asiye na vyuma afungue jioni watu wakiwa macho, na tena alfajiri.

Hata hivyo, kufunga dirisha mchana hakufai kila nyumba. Ukuta wa mawe hupata joto polepole. Ukipoa usiku kucha, hubaki baridi hadi mchana, hivyo katika nyumba ya mawe madirisha na mapazia yafungwe kuanzia saa nne hivi asubuhi hadi hewa ya nje ipoe jioni. Bati halihifadhi ubaridi wowote. Chumba cha mabati hushinda hewa ya nje kwa joto muda mfupi tu baada ya jua kuchomoza, kwa hiyo mlango na dirisha viachwe wazi. Njia rahisi ya kujua ni kusimama mlangoni: kama nje ni afadhali kuliko ndani, fungua.

Upande ambao nyumba imeelekea nao una maana kubwa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa na ukingo mfupi tu wa paa. Za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, na la magharibi ndilo baya zaidi kwa sababu huja nyumba ikiwa tayari imechoka na joto la mchana. Wapangaji wa ghorofa za vioo Kilimani na Kileleshwa wanaoshangaa kwa nini chumba cha kulala bado kina moto saa tatu usiku waangalie kwanza dirisha lake linatazama wapi. Pazia la ndani husaidia kidogo, kwani joto limeshavuka kioo. Mkeka au turubai jeupe likining'inizwa nje, kwenye roshani, hulizuia jua kabla halijafika.

Kwenye nyumba za chini, adui ni paa. Dari, hata la mbao nyembamba, hupunguza sana joto linaloshuka kutoka kwenye bati, mradi kuna matundu ya kutolea hewa iliyonaswa juu yake. Rangi nyeupe ya paa hurudisha sehemu kubwa ya jua. Dari za katoni, magunia na nailoni ni hatari: zikigusana na waya wa stima uliochakaa au moto wa jiko, ploti nzima inaweza kuteketea.

Hewa ya joto hupanda, na tundu la juu ya mlango au ukutani karibu na dari huiacha itoke. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011, lenye nafasi ya wafanyakazi 1,200, hutumia kanuni hiyo hiyo badala ya viyoyozi: hewa safi huingia madirishani, na ya joto hupandia nafasi za wazi katikati ya jengo na kutokea juu. Katika ploti nyingi matundu hayo yapo, lakini yamezibwa kwa magazeti tangu baridi ya Julai. Yazibuliwe.

Githeri ichemshwe alfajiri, au nje. Jiko la makaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, iwe kwa kuzuia jua au mbu, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Feni ya mezani hutumia wati 50 hivi, kiyoyozi cha chumba wati 1,000 au zaidi. Alasiri za Februari huwa kavu, hivyo kitambaa kilicholowa kikitundikwa penye upepo hupoza kweli, na maji yaliyosuuzia nguo yanatosha kwa kazi hiyo siku za mgao.

Dari na rangi ya paa ni mambo ya kuzungumza na mwenye nyumba. Kutoboa au kupanua dirisha ni ujenzi, na kibali cha kaunti kitafutwe kwanza.

Wazee wakumbushwe kunywa maji hata kama hawahisi kiu. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Mtu akichanganyikiwa, akizimia, au ngozi yake ikiwa ya moto kupita kiasi, apelekwe kivulini, alowanishwe maji mwilini na kupepewa huku mwingine akipiga 999 au 112. Aliyezimia asinyweshwe chochote.