Kitabu Kilichowanyima Usingizi

Je, umewahi kusoma kitabu, ukakifunga usiku, halafu ukaogopa kuzima taa? Kama jibu lako ni "mimi siogopi bwana", sawa, lakini endelea kusoma.

Mwaka 1983 mwalimu wa shule ya msingi huko Ujerumani Magharibi, Gudrun Pausewang, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Die letzten Kinder von Schewenborn, yaani Watoto wa Mwisho wa Schewenborn. Msimulizi ni Roland, mvulana anayekaribia miaka 13. Yuko njiani na wazazi wake, dada yake Judith na mdogo wao Kerstin, wanakwenda kwa babu na bibi. Ghafla linalipuka bomu la nyuklia. Kuanzia hapo ni msiba juu ya msiba. Judith anakufa kwa ugonjwa wa mionzi, Kerstin kwa homa ya matumbo, mama anafia kwenye uzazi. Mwishoni Roland ana miaka 17, anawafundisha watoto wachache waliobaki, wala hajui kama kuna kizazi kitakachowafuata. Shujaa hakuna. Msaada hauji.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiandamana kwa maelfu kupinga makombora ya nyuklia kuwekwa nchini mwao, kwa hiyo hadithi haikuwa ya mbali. Hata mji wa Schewenborn mwandishi aliubuni kwa mfano wa Schlitz, mji aliokuwa akiishi na kufundisha. Kitabu kikaingia mashuleni. Waliokisoma darasani sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao, na bado wapo wanaosimulia jinamizi walilopata. Kuna wanaosema hakuna mtu mwenye haki ya kumtisha mtoto kiasi hicho. Wengine wanasema ndicho kilichowaamsha wakaanza kuuliza maswali kuhusu siasa za silaha.

Kwa nini kilitisha kuliko filamu za mazimwi? Kwa sababu mambo yake mengi ni ya kweli kiafya. Mtu akipigwa na mionzi mikali hutapika ndani ya saa chache. Halafu anaweza kupata nafuu ya uongo kwa siku kadhaa, watu wanashangilia kwamba kapona. Kumbe uboho wa mifupa, panapotengenezwa damu, umeharibika. Chembe nyeupe zinapungua, nywele zinakatika, na ugonjwa mdogo tu unatosha kumuua. Hiyo homa ya matumbo nayo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Maji safi yakikosekana na vyoo vikiharibika, taifodi haiulizi kama hii ni Ulaya au wapi.

Sasa tuje kwako. Ukisoma jambo la kutisha, ubongo unaamuru mwili umwage adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, usingizi unapaa. Si uoga wala udhaifu. Ni mwili unajiandaa kukimbia, ila hapa hakuna pa kukimbilia, maana hatari iko kwenye karatasi!

Hapo ndipo sisi waelimishaji wa afya tunapovutiwa na kitabu hiki. Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte wa Marekani alieleza kwamba hofu humsaidia mtu pale tu anapoona kuna la kufanya, na kwamba yeye mwenyewe analiweza. Asipoliona, anapambana na hofu badala ya hatari. Anafunga masikio, anafanya mzaha, au anasema "liwalo na liwe". Kumbuka mabango ya zamani ya UKIMWI yenye mafuvu ya vichwa. Yalisema utakufa. Mtu aliyekuwa tayari ana virusi afanye nini na bango kama lile? Leo tunaweza kumwambia apime, aanze ARV, azimeze kila siku, na ataishi miaka mingi. Huo ni ujumbe mzito pia, lakini una mlango.

Mimi nasema kitabu cha huzuni kisifichwe kabatini. Pausewang mwenyewe alikulia katika vita kuu ya pili, baba yake akafia vitani. Alijua watoto hawasubiri ruhusa ya watu wazima ndipo waone mabaya. Kosa ni kumpa mwanafunzi kitabu kama hiki Ijumaa, umuulize msamiati Jumatatu, basi. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo ukikutana na kitabu cha namna hii, kisome mchana, usikisome peke yako kitandani. Unaruhusiwa kukiweka pembeni. Mweleze rafiki, dada au mwalimu ni ukurasa gani umekukaa kichwani. Na kama wiki mbili zimepita hulali, huli vizuri, au unaona kuishi hakuna maana, usivumilie kimya. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha au nenda kituo cha afya.

Jadilini kwenye klabu yenu: Mngekuwa ninyi mwandishi, mngemwacha Kerstin hai? Na je, bango gani la afya shuleni kwenu linatisha bila kusema mtu afanye nini? Lichoreni upya.