Kirauta cha safari: muulize mteja alikotoka

Dada mwenye duka la vifaa vya simu Igoma, kando ya barabara ya Musoma, anataka kuagiza virauta vya mkononi vya kutumia laini. Mtaalamu wetu wa mitandao anamjibu.

Swali: Kaka, kila ninayemuuliza anataka kirauta cha namna gani husema, "Chenye spidi." Niagize kipi?

Jibu: Swali hilo linamtaka mteja awe fundi, dada yangu. Muulize safari yake. Mara ya mwisho mtandao ulimkwamia wapi? Alikuwa anafanya nini? Alichaji wapi? Mnunuzi wa dagaa aliyelala mwaloni huko Ukerewe atakwambia chaji ilimwishia usiku, na laini iliyoshika kisiwani siyo ile aliyotoka nayo Mwanza. Hapo keshakutajia betri kubwa ya kubadilisha, na kirauta kisichofungwa mtandao mmoja, ili leo aweke Vodacom, kesho Airtel au Halotel. Mwalimu wa Magu anayechangia bando na wenzake wanne hana shida hizo. Yeye anataka kujua ni nani anayelimaliza.

Swali: Na masafa, niwaulize?

Jibu: Hapana, huo ni mzigo wako. Masafa ya chini ya 4G, kama 700 na 800 MHz, hufika mbali kuliko 1800, na kirauta kilichotengenezewa nchi nyingine kinaweza kukosa yanayotumika kwetu. Soma maelezo ya kiwandani kabla hujalipa. Na usimuahidi mtu miujiza: Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, kirauta kizuri kisingeweza kuziba pengo lile.

Swali: Wakishaelewa, wanataka kila kitu.

Jibu: Mpe kila mmoja vifuniko kumi vya soda. Andika kwenye karatasi: betri, laini mbili, tundu la antena, kioo cha kuonyesha bando lililobaki, bei nafuu. Avigawe mwenyewe, vingi kwa anachokihitaji zaidi. Nakusihi usiseme "hiki ndicho kizuri," maana wateja wetu wana adabu. Watakubali ili wasikuvunje moyo, na mzigo utabaki kabatini.

Swali: Nitajuaje kama atanunua kweli?

Jibu: Omba malipo ya awali ya kushika nafasi, hata kama ni kidogo. Anayesema "nikipata nitapita" mwandike kwenye ukurasa wa peke yake, ila usiagize kwa hesabu yake.