Umekatika au Umekatwa? Kauli za Vitenzi na Haki ya Mteja, kwa Mifano ya Garbatulla

Utangulizi

Mwalimu wa sarufi anapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, aghalabu huanza na kikombe. Juma amevunja kikombe; kikombe kimevunjwa na Juma; kikombe kimevunjika. Mwanafunzi huinakili mifano hiyo, akaijibia mtihani, kisha akaisahau. Makala haya yanadhamiria kukitoa kikombe hicho darasani na kukipeleka dukani, kwenye kibanda cha wakala wa pesa na kwenye simu ya huduma kwa wateja. Hoja yetu ni kwamba tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka ni tofauti ya kisarufi yenye matokeo ya kimaisha. Mteja anayeisikia anajua amdai nani. Asiyeisikia hurudi nyumbani na kitu kibovu mkononi na samahani masikioni.

Mifano tutakayoitumia husikika kote nchini Kenya, na mingine Tanzania. Tumeiweka Garbatulla kwa makusudi. Garbatulla ni makao makuu ya kaunti ndogo yenye jina hilo katika Kaunti ya Isiolo, yenye wadi za Garbatulla, Kinna na Sericho. Wakazi wake wengi ni Waborana wafugaji, wakiishi pamoja na Wasomali na jamii nyinginezo. Kiborana ni lugha ya Kikushi. Kwa hiyo Kiswahili kwa wengi wao ni lugha ya pili iliyopatikana shuleni, barazani na sokoni, na Kiingereza huja nyuma yake, kama kinakuja. Bidhaa nyingi za viwandani hufika huko kutoka mjini Isiolo. Kitu kikiharibika, safari ya kukirudisha yaweza kugharimu kuliko kitu chenyewe. Maadamu anayepaswa kujibu yuko mbali, mteja wa Garbatulla amebakiwa na silaha moja, nayo ni lugha.

Sura tatu za kumficha mtenda

Tukiyachunguza maneno ambayo mteja huambiwa jambo linapoharibika, tunaona yamejengwa kwa njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni kauli ya kutendeka. Mteja huambiwa kwamba huduma haipatikani kwa sasa, muamala haujakamilika, au mzigo umechelewa na haujulikani uliko. Wanasarufi wanakubaliana kwamba kauli hii haimruhusu mtenda kutajwa. Twaweza kusema kikombe kimevunjwa na Juma, lakini hatuwezi kusema *kikombe kimevunjika na Juma. Kauli ya kutendwa humweka mtenda mlangoni hata asipotajwa, kwani msikilizaji ana nafasi ya kuuliza, "Na nani?" Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo kabisa. Isitoshe, kauli hii ina maana mbili: hali iliyotokea, na uwezekano. Kusema huduma haipatikani kwaweza kumaanisha kwamba haipo leo, au kwamba haiwezekani kupatikana kamwe. Mteja hajui asubiri au aondoke.

Njia ya pili ni kiambishi kijirejeshi -ji-. Hakuna tangazo la kukatizwa kwa huduma lisilomalizikia kwa kuomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Usumbufu hapa umepewa miguu. Unajitokeza wenyewe, kana kwamba hakuna aliyeamua kufunga mtambo, na kana kwamba hakuna aliyechelewa kuufungua.

Njia ya tatu ni kukipa kitu nia ya mtu. Mashine imekataa. Mtandao unasumbua. Sistimu imelala. Nchini Kenya husemwa hata kwamba stima imepotea, mithili ya mbuzi aliyeachana na kundi. Mfugaji wa Garbatulla angekuwa wa kwanza kutambua upungufu wa usemi huo, kwa sababu mbuzi akipotea, swali la kwanza kijijini ni nani aliyekuwa akichunga.

Umekatika na umekatwa

Jozi inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi yapatikana katika Kiswahili cha Tanzania. Taa zikizimika mtaa mzima, watu husema umeme umekatika. Taa zikizimika katika nyumba moja ambayo mwenyewe hajalipa ankara, husemwa umeme umekatwa, au mwenye nyumba amekatiwa umeme. Mzizi ni ule ule, -kat-. Giza ni lile lile. Kilichobadilika ni mwenye lawama. Kosa likiwa la mtoa huduma, kitenzi huvaa -ik- na mtenda hutoweka; kosa likiwa la mteja, kitenzi huvaa -w- na mtenda hujitokeza akiwa na mamlaka yake yote. Amekatiwa humtaja hata mtendewa, ili majirani wamjue.

Hatudai kwamba kuna mtu aliyeketi akaipanga sarufi iwe hivyo. Zipo nyakati ambapo umekatika ndiyo kweli yenyewe: mti umeangukia nyaya, au mafuriko yameng'oa nguzo. Tunachodai ni kwamba mazoea ya lugha yamegawa lawama kwa namna isiyo sawa, na mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jina mteja lenyewe linastahili kuangaliwa. Mnunuzi amezaliwa na kitenzi nunua. Ni mtu aliyetenda jambo. Mteja hana kitenzi kinachotumika kwa kawaida. Hutumika kwa anayekwenda kununua, na pia kwa anayemwendea mganga kutafuta tiba, yaani mtu mwenye shida anayemtegemea mwenye ujuzi. Simu za mkononi zilipoenea nchini Kenya, sauti iliyorekodiwa ya kumwarifu mpigaji kwamba mteja hapatikani ilisikika mara nyingi mno hata vijana wakaligeuza neno. Kusema fulani "ako mteja" kukawa na maana kwamba simu yake imezimwa au haishiki mtandao. Hivyo jina la mtu anayepaswa kuhudumiwa likawa jina la mtu asiyepatikana.

Msamiati wa soko

Yasidhaniwe kwamba Kiswahili ni lugha dhaifu mbele ya mfanyabiashara. La hasha. Lugha iliyokulia bandarini na katika misafara ya biashara haiwezi kukosa maneno ya kumkabili mwuzaji mdanganyifu. Tunayo punja, lalia, langua, ghushi, ghilibu na hadaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ikalieneza chakachua, neno lililovuma kwa mafuta yaliyochanganywa kisha likahamia kwa kila kitu kilichotiwa ila.

Baadhi ya vitenzi hivi havipendi kauli ya kutendeka. Hatusemi *nimepunjika, wala hatusemi *bei imelalika. Chukua amenipunja: a- ni mtenda, -me- ni hali timilifu, -ni- ni mtendwa, -punj- ni mzizi na -a ni kiishio. Katika neno moja tuna mshtakiwa, mlalamishi, kosa, na ithibati kwamba kosa limekwisha kutendeka. Hati nzima ya mashtaka imebebwa na silabi tano.

Msamiati huu ulizaliwa mahali ambapo mwuzaji na mnunuzi hutazamana. Katika masoko ya mifugo ya kaskazini mwa Kenya, dalali hafanyi kazi ya kupatanisha bei peke yake. Humjua mwuzaji na kuwa shahidi kwamba mnyama hakuibiwa. Tatizo likizuka baadaye, kuna uso wa kuuendea na jina la kulitaja. Biashara ya leo imeuondoa uso huo. Mwenye duka wa Garbatulla aliyeuza taa ya jua isiyowaka ni mteja wa msambazaji wa Isiolo, naye msambazaji ni mteja wa mwagizaji wa Nairobi. Kila mmoja ana haki ya kusema taa imeharibika. Hakuna mwenye haja ya kusema ameiharibu, au aliiagiza ikiwa mbovu.

Simu zilizozimwa mwaka wa 2012

Tukio moja la kihistoria linaonyesha gharama ya mtenda aliyefichwa. Tarehe 30 Septemba 2012 usiku, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano ya Kenya, simu bandia zilifungiwa mitandao yote nchini. Simu zilizoathirika zilizidi milioni 1. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito, zikiwemo usalama na udhibiti wa bidhaa ghushi. Hata hivyo, hebu tuitazame sentensi iliyobaki vinywani mwa watu: simu zilizimwa. Kauli ni ya kutendwa, na aliyezizima alijulikana. Lakini sentensi iliyotangulia ndiyo iliyokosa mtenda. Simu hizo ziliingia nchini, zikasambaa, zikauzika. Nani aliziingiza? Nani alizisambaza? Aliyetoa pesa zake dukani, akapewa kifaa kilichofanya kazi, hakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba nambari ya utambulisho wa kifaa hicho ni ya bandia. Hasara ikamwangukia yeye, mtendwa wa sentensi zote mbili. Mjini palikuwa na maduka mengi ya kununua nyingine. Kwa mfugaji, simu ndiyo habari ya mvua, bei ya mbuzi, na pesa alizotumiwa na mwanawe.

Sheria na haki ya kuelewa

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji bidhaa na huduma haki nne: bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Haki hizo zinazihusu huduma za umma na za watu binafsi. Kifungu cha 7 nacho kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Vifungu hivi viwili husomwa mbalimbali, kimoja na mwanasheria, kingine na mwanaisimu. Vikisomwa pamoja vinatoa jambo la tatu: habari isiyoeleweka si habari. Masharti ya mkopo wa simu yaliyoandikwa kwa Kiingereza kizito, yakimfikia mama anayeuza maziwa ya ngamia Kulamawe, yamewasilishwa kwenye simu yake lakini hayajamfikia. Mwaka wa 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoaji wa huduma za pesa kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Lilikuwa agizo la kifedha, lakini msingi wake ni wa kimawasiliano: mtu aambiwe kabla, wala si baada.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 ina kanuni ambayo kila mwanafunzi wa semantiki angeifurahia: utata katika mkataba hufasiriwa kwa manufaa ya mtumiaji. Utata tunaoujadili darasani kwa mifano ya kaa na paa una thamani ya shilingi mahakamani. Vivyo hivyo, tangazo la ukutani lisemalo kwamba bidhaa zilizouzwa hazirudishwi haliwezi kuifuta haki ya fidia iliyomo katika Katiba. Tena tangazo hilo limeandikwa kwa kauli ya kutendwa, mteja ana ruhusa ya kisarufi ya kuuliza, "Hazirudishwi na nani, na kwa sheria ipi?"

Adabu na madai

Huenda msomaji akapinga kwamba kauli ya kutendeka ni ya adabu. Ni kweli. Mgeni akiangusha bilauri, mwenyeji humwambia, "Usijali, imevunjika tu," na kwa neno hilo humsitiri. Kumtaja mtenda waziwazi kwaweza kuwa kumvunjia mtu heshima, hasa mtu mzima, na hasa katika mji mdogo ambapo mwenye duka ni jirani na pengine ni mkwe.

Jibu letu ni kwamba stara ni zawadi ya aliyekosewa. Mwenyeji ndiye mwenye haki ya kusema imevunjika. Mgeni akiitangulia kuisema ili asilaumiwe, hiyo si adabu tena. Na kumtaja mtenda si kutukana. Linganisha sentensi hizi mbili: "Taa niliyonunua imeharibika, naomba msaada," na "Mzee, taa uliyoniuzia Jumatatu haikuwaka hata usiku mmoja, naomba unibadilishie, au unielekeze kwa aliyekuletea." Ya pili ina heshima kamili. Ina wakati, ina mtenda, ina dai, na inamfungulia mwenye duka njia ya kulipeleka dai mbele kwa aliyemletea yeye. Vitenzi uliyoniuzia, unibadilishie na aliyekuletea vyote vimo katika kauli ya kutendea. Kauli hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa haikamiliki bila mtu wa kutenda na mtu wa kutendewa.

Hitimisho na mapendekezo

Tumeonyesha kwamba lugha ya huduma humficha mtenda kwa kauli ya kutendeka, kwa -ji- na kwa kuvipa vitu nia. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili kina vitenzi vya soko vinavyomrudisha mtenda huyo, na kwamba sheria iko upande wa anayeuliza.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa shule za upili wafundishe barua ya malalamiko sambamba na mnyambuliko wa vitenzi, ili mwanafunzi wa Garbatulla au wa Lamu aone kazi ya viambishi hivyo maishani mwake. Pili, wanachama wetu wanaoajiriwa kutafsiri masharti na matangazo ya kampuni wasikubali kutafsiri maneno na kuacha maana. Pale ambapo kampuni imefanya jambo, Kiswahili kiseme kampuni imefanya. Tatu, utafiti wa lugha ya biashara uvuke miji mikubwa uende kaskazini, ambako Kiswahili ni daraja baina ya Kiborana, Kisomali na ofisi ya mbali.

Kazi ya mwisho ni ya msomaji mwenyewe. Atakapoambiwa tena kwamba jambo limeshindikana, na aulize kwa upole: nani ameshindwa?