Maneno ya kilio kwa Kiingereza: «sorry» ina mizigo miwili

Ndugu wafanyakazi, kwenye ukurasa huu mumezoea kusoma mambo ya kofia, viatu vya kazi na vumbi. Leo tunaongea juu ya maneno ya kilio, na tena kwa Kiingereza. Musishangae. Mutu wa Butembo ao wa Beni anakutana na Kiingereza mara nyingi. Mushoferi wa lori anapita Kasindi kwenda Uganda, muchuuzi anapiga simu Kampala, na tangu mwaka 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 mpaka 2020, waganga wengi walifika kwetu kutoka inchi za mbali. Siku ya ajali, neno moja lililosikiwa vibaya linaweza kuumiza watu mara ya pili.

Tuanze na «sorry». Sisi tuna maneno mawili. Mutu akijikwaa kwenye jiwe, unamwambia «pole», hata kama si wewe uliyeweka jiwe lile. Ukimukanyaga muguu, unamwambia «unisamehe». Mwingereza anabeba yote mawili ndani ya «sorry». Kifaransa nacho kina ugonjwa huo: «désolé» inasemwa na mwenye kosa na asiye na kosa.

Sasa tuseme udongo umeanguka shimoni na mufanyakazi mumoja amekufa. Injinia mugeni anafika kwa familia, anainamisha kichwa, anasema: «I am sorry.» Mutafsiri anageuza: «Anaomba musamaha.» Wajomba wanatazamana. Kama anaomba musamaha, basi yeye ndiye aliyemuua? Kabla ya jioni vijana wamefunga barabara kwa mawe, na injinia anauliza amekosa nini, maana yeye alitaka kutoa pole tu. Inaweza kutokea kwa upande mwingine pia. Kapita wetu anamwambia mugeni aliyefiwa na mwenzake «sorry, sorry», kwa moyo mwema, na mugeni anaandika kwenye karatasi ya ajali kwamba kapita amekubali kosa.

Dawa yake ni kuongeza maneno matatu: «I am sorry for your loss». Maana yake: pole kwa kufiwa. Hapo hakuna anayeweza kufikiri ni kuomba musamaha. Na kama kosa liko kweli, neno lake ni «I apologize». Mimi naona kwamba mukubwa anayesema «sorry» peke yake, kusudi isijulikane kama anatoa pole ao anakubali kosa, hajafanya hata moja.

Wenye kusoma Kifaransa wajihazari zaidi, kwa maana maneno mengine yanafanana kwa sura tu. «Grief» kwa Kifaransa ni malalamiko, kama yale ambayo sendika inapeleka kwa wakubwa. Kwa Kiingereza ni uchungu wa kufiwa. «Sympathy» haisemi kwamba mutu ni wa kupendeza. Inasema unabeba uchungu pamoja naye. «Pain» ni maumivu, si mukate! Na «chagrin», ambayo kwa Kifaransa ni huzuni, kwa Kiingereza ni aibu na uchungu wa mutu aliyeshindwa katika jambo, kwa hiyo musiiandike hata kidogo kwenye barua ya kilio. «Sorrow» ni huzuni ya namna yote, na «mourning» ni kilio chenyewe pamoja na siku zake na nguo zake. «Condolences» haina shida, ni ndugu ya «condoléances».

Wakati wa Ebola tulijifunza kwamba maneno haya ni mambo ya afya pia. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kisha kuonekana Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Maiti ya mutu aliyekufa na Ebola inaambukiza sana, na desturi yetu ni kumuosha, kumugusa na kumulilia karibu. Shirika la Afya Duniani lilisema, wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi, kwamba angalau maambukizo 20 kati ya 100 yalitoka kwenye mazishi. Katika Novemba 2014 shirika hilo, pamoja na watu wa dini, likatoa mafundisho mapya yenye jina «safe and dignified burial», ni kusema mazishi ya usalama na ya heshima. Muangalie neno lile la pili. Kama familia inasikia «usalama» peke yake, inafikiri ndugu yao amekuwa takataka ya kutupwa, na inaweza kumuficha na kumuzika usiku kwa mikono mitupu.

Kwa hiyo, mukisaidia mugeni kuongea na waliofiwa, musitumie «corpse». Ni neno la polisi na la waganga. «Body» ni laini zaidi, na «your father» inapita yote. Na pole haihitaji mukono: ukisimama mbali kidogo, mukono wako juu ya kifua chako, «my condolences» inafika. Watakujibu «thank you», basi.

Lakini maneno laini ni ya nyumbani. Kwenye redio ya kazi yanaleta hatari, na hapa ninaomba musome polepole. «We lost two men» inaweza kusema kwamba watu wawili wamekufa. Mutu wetu akisikia «lost», anafikiri wamepotea, anarudi shimoni kuwatafuta chini ya udongo unaoendelea kuanguka. Tena kinyume chake: watu hawajaonekana bado, mutu anasema «lost», kilio kinaanza kule kijijini, na wenye kuokoa wanaacha majembe wakati wenzao wangali wanapumua. Kwa hiyo asiyeonekana ni «missing», na aliyekufa ni «dead». «Dead» ni neno kali, ndiyo, lakini kila mutu analisikia namna moja. «Casualty» ni mutego mwingine: inaweza kuwa aliyeumia ao aliyekufa. Ukiambiwa «five casualties», uulize mara moja: «How many dead? How many injured?» Na «the late Kambale» ni marehemu Kambale. Hajachelewa kufika kazini. Huko Zambia na Botswana utasikia hata «he is late», na maana ni amekufa.

Na Kambale ni yupi? Kwetu Wanande mutoto muvulana wa pili anaitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Ukiita Kambale sokoni Butembo, watageuka wengi. Mugeni hajui desturi hiyo. Anafikiri jina moja linatosha, na habari ya kifo inaweza kuingia katika nyumba isiyo yake, ambapo bibi anaanguka chini na bwana yuko kazini, muzima. Kabla ya kusema neno lolote la pole, kwa luga yoyote, muulize majina yote, jina la baba, namba ya kazi na mutaa. Wawili wasome karatasi ile, kila mumoja peke yake. Kisha muende kwa miguu yenu mpaka mulangoni, watu wawili, bila kupiga simu.