Kulisha Ndege Bila Kumnenepesha Kunguru

Wakazi wengi wa Port Reitz huwatupia ndege chakula asubuhi: huyu konzi ya mtama, yule wali wa jana, mwingine kipande cha mkate. Nia ni njema, lakini matokeo hutegemea kinachotupwa na mahali kinapoangukia. Somo hili linaeleza namna ya kuwalisha ndege wadogo bila kumnufaisha kunguru anayewamaliza.

Kwa nini kunguru ni tatizo

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni India na nchi jirani. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Usimchanganye na kunguru wa kienyeji, mwenye kifua cheupe.

Kunguru wa India hula mayai na makinda ya ndege wengine, huvamia viota vya kwera na kunyakua vifaranga vya kuku. Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1 pwani kufikia mwisho wa mwaka huo. Hata hivyo, penye mabaki ya chakula, wanaosalia huzaana upya.

Port Reitz ina sababu ya ziada ya kujihadhari, kwani tumepakana na Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Makundi ya kunguru yanayofuata chakula yanaweza kugongana na eropleni inapopaa au kutua.

Wape nini?

Shorewanda, kwera, chiriku na tetere hula mbegu. Wape mtama, mawele, ulezi au chenga za mchele, zikiwa kavu na bila chumvi. Usiwape ugali, mkate, nyama wala mabaki ya samaki. Hivyo ndivyo kunguru anavyovipenda.

Mbegu zenye ukungu zitupwe. Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu haraka, na kuvu hiyo inaweza kutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Nafaka isiyofaa kwa mtu haimfai ndege wala kuku.

Chozi hali mbegu. Yeye hunyonya maua. Shore naye hupenda matunda. Mti wa maua au mpapai uani utawatosha hao.

Kutengeneza chombo cha kulishia

1. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5, uioshe na kuikausha.
2. Toboa matundu madogo ubavuni, mbegu zitoke chache chache. Chini toboa tundu dogo sana la kutolea maji ya mvua.
3. Chini ya kila tundu pitisha kijiti kinachotokeza nje kama sentimita 5. Shorewanda atatua, kunguru, kwa uzito wake, atapata taabu.
4. Ining'inize kwa waya, juu ya kimo cha mtu, mbali na ukuta ambao paka anaweza kurukia.
5. Tia mbegu za kuliwa siku hiyo tu. Jioni fagia zilizoanguka, zisije zikaita panya.

Usafi na afya

Ndege wengi wakila pamoja huambukizana maradhi. Osha chombo kila wiki kwa sabuni, kisha suuza kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo 1 kwa 9. Kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena. Kiweke mbali na banda la kuku, na unawe mikono kila umalizapo.

Ukiona ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu. Acha kulisha na uarifu ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo.

Wakati wa kaskazi, maji huwa adimu kuliko chakula. Sahani pana yenye maji safi, yanayobadilishwa kila siku, ni msaada mkubwa. Usiyaache yalale, mbu wasizaliane humo.

Maswali ya kawaida

Nikimwekea kunguru chakula chake pembeni, ataziacha mbegu? La. Kunguru hukumbuka penye chakula na hurudi na wenzake.

Naweza kumtegea sumu mwenyewe? Usithubutu. Sumu itaua paka, kuku na ndege wasiohusika, na ni hatari kwa watoto. Kazi hiyo ni ya wataalamu walioidhinishwa.

Naweza kumfuga chiriku kwenye tundu? Ndege wa porini wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kumkamata bila kibali ni kosa.

La kufanya leo

Kabla ya kutundika chupa, funika pipa lako la taka. Hakuna mbegu itakayomsaidia kwera iwapo jaa la jirani linaendelea kumlisha kunguru. Zungumzeni kwenye nyumba kumi na mkubaliane: taka ifunikwe, mbegu ziwe chache, na watoto waweke manati chini.